Mzigo wa kurudi kutoka Dar: kisa cha familia moja ya Lubumbashi na ubao wa mizigo mtandaoni

Majina, miezi na alama za magari vimeondolewa. Bei zimebadilishwa kidogo kwa uwiano uleule, ili hesabu ibaki na ukweli wake bila mtu kutambulika.

Familia na magari yake

Familia hii ina kamyo tatu za tela wazi. Baba alianza kama shofere wa watu, akanunua kichwa kilichochoka, akakifufua, na kwa miaka mingi akafika hapo alipo. Kazi yao kubwa ni kupeleka shaba Dar es Salaam kutoka migodi ya upande wa Likasi na Kolwezi.

Hawana mkataba na mgodi wowote. Migodi huajiri kampuni kubwa za uchukuzi, na kampuni hizo zikizidiwa na kazi huwagawia safari wenye magari machache kama hawa. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu ukandarasi mdogo ilitungwa ili kazi za namna hiyo ziangukie kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Hata hivyo, mwenye kamyo tatu bado anaipata safari kupitia mkono wa mwingine, na anapigiwa simu leo akapakie kesho. Jambo hilo la kuitwa ghafla litarudi mbele, kwa sababu ndilo lililoamua mengi katika kisa hiki.

Kwenda, basi, mzigo upo. Taabu ni kurudi. Njia yao hupita Kasumbalesa, Chingola, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde na Tunduma, kisha Mbeya, Iringa na Morogoro hadi baharini: karibu kilomita 2,000 kila upande. Dar ina mizigo mingi ya kwenda Kongo, kuanzia salfa na vipuri vya mitambo hadi vigae na vyakula. Lakini mzigo kuwepo na mzigo kukufikia ni mambo mawili. Mashofere walikuwa wakimtegemea dalali mmoja wa maegeshoni. Kamyo zilikaa wiki nzima, mara nyingine mbili, posho ya shofere ikiliwa na ada ya maegesho ikilipwa kila siku. Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki, kamyo moja ilirudi tupu kilomita zote hizo kwa sababu kampuni kubwa ilikuwa imeita magari ya shaba na kusubiri zaidi kungewapotezea zamu.

Ubao unaingia nyumbani

Binti mkubwa ndiye anayeshika daftari la familia. Alijiandikisha kwenye tovuti moja inayotangaza mizigo ya mashariki na kusini mwa Afrika, akaingia pia katika makundi ya simu yanayofanya kazi ileile. Mwenye mzigo au wakala wake huandika mahali pa kupakia, mahali pa kuteremsha, tani, aina ya tela, siku, na mara nyingine bei. Mwenye gari naye anaweza kutangaza: nitakuwa Dar Alhamisi, tela wazi, tani 30.

Ubao wa aina hii si kitu kipya duniani. Nchini Marekani, ubao uitwao DAT ulianza mwaka 1978 kwenye kituo cha malori huko Portland, Oregon. Ila kule ubao umeegemea ukuta ambao sisi hatuna. Dalali wa mizigo anayevusha mzigo kutoka jimbo moja hadi jingine lazima awe na leseni ya serikali na dhamana ya dola 75,000. Akikataa kulipa, mwenye lori ana mahali pa kudai. Kwenye njia ya Dar na Lubumbashi, mtu anaweza kutangaza mzigo kwa kuwa na simu na chaji tu. Binti aliyaelewa haya baadaye. Mwanzoni aliona wingi wa matangazo, na nani asingefurahi baada ya miaka ya kumbembeleza dalali mmoja?

Mzigo wa kwanza: mikono mitatu

Kamyo ya kwanza iliteremsha shaba, na kabla ya jioni binti alikuwa amepata vigae vya kupeleka Lubumbashi kwa dola 4,300. Malipo ya awali asilimia 40, yaani dola 1,720, na salio siku ya kuteremsha. Baba alisita. Alitaka kujua jina la mwenye vigae. Mtangazaji alijibu kwamba atalitoa gari likishapakia. Shofere, mtu mzima anayeijua njia, alipiga simu kutoka ghalani: "Papa, uyu mutu haiko mwenye mzigo. Hata hapa kwa gala habamujue."

Waliamua kupakia. Sababu zao zilikuwa mbili: fedha ya awali ilikuwa imekwisha ingia, na kampuni ya shaba ilikuwa imetangaza kwamba itaita magari wiki ya tatu. Hofu ya kukosa zamu ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kudhulumiwa.

Safari yenyewe ilikwenda vizuri. Hati za forodha za Tanzania na Zambia zilikuwa kamili, na mizani ya Vigwaza ilipitwa bila tatizo. Mambo yaliharibika Lubumbashi. Kabla ya kuteremsha, mtangazaji aliacha kupokea simu. Mashofere wengi wangefunga turubai na kusema vigae havishuki hadi fedha ionekane. Baba alifikiri hivyo pia. Kisha mtunza ghala wa mpokeaji akatoa karatasi zake: "Shiye tulishaka kulipa yote." Walikuwa wamelipa dola 5,900 kwa wakala wa kwanza huko Dar. Wakala huyo alimpa mzigo dalali wa pili, na wa pili akamwachia wa tatu, ambaye ndiye aliyeandika kwenye ubao.

Baba aliamuru viteremshwe. Alisema mwenye vigae hana kosa, na jina la familia Lubumbashi ni kubwa kuliko mzigo mmoja. Binti alipiga picha bordero, yaani karatasi ya safari inayothibitisha mzigo umepokewa, iliyogongwa mhuri na kusainiwa. Baada ya wiki za simu, wakapata dola 900 nyingine. Jumla 2,620, wakati mafuta, ada za barabara na posho zilikuwa zimekula 2,900.

Mzigo wa pili: kontena la Kolwezi

Safari iliyofuata walijipanga. Hawakutaka dalali wa dalali. Walichagua tangazo la wakala wa forodha mwenye ofisi inayojulikana Dar, wakampigia kwa namba ya ofisini na si ile ya kwenye tangazo, na wakapata nakala ya hati ya shehena yenye jina la mpokeaji. Kontena la futi 40, vipuri vya mtambo, hadi Kolwezi, dola 5,400, nusu mbele. Kwa macho ya kawaida huu ulikuwa mzigo mzuri: bei kubwa, mwenye mzigo wa kweli, karatasi mkononi.

Karatasi moja haikuwepo. Mzigo unaoingia Kongo huhitaji FERI, hati ya taarifa za mzigo inayotolewa na OGEFREM, shirika la serikali ya Kongo linalosimamia uchukuzi wa mizigo, na hati hiyo inatakiwa kushughulikiwa mapema, kabla gari halijafika mpakani. Mpokeaji alidhani wakala ameishughulikia, wakala alidhani ni kazi ya mpokeaji. Simu ya shofere kwa binti kutoka Kasumbalesa ilikuwa fupi, ikimtaja deklarani, yaani anayeshughulikia karatasi za forodha mpakani: "Yaya, hapa banauliza FERI, deklarani anasema haiko."

Gari lilisimama mpakani siku 14. Wanaoijua Kasumbalesa wanajua maana yake: maegesho ya kulipia, foleni inayokupita, shofere anayelala kitini na anayehitaji kula. Mkataba ulitaja bei ya safari tu. Haukusema neno kuhusu siku za kusimama. Binti alipodai malipo ya kusubiri, wakala alimjibu kwa upole kabisa kwamba hayapo kwenye makubaliano, na alikuwa sahihi.

Kutoka kupakia Dar hadi kuteremsha Kolwezi zilipita siku 36. Halafu likaja la kontena lenyewe. Kampuni ya meli hutoa siku kadhaa bila malipo, kisha hutoza kwa kila siku ya ziada hadi kontena tupu lirudi. Katika karatasi waliyosaini haraka Dar, msafirishaji ndiye aliyekubali kulirudisha, na hakuruhusiwa kulijaza mzigo mwingine. Kwa hiyo kamyo ilirudi Dar na kontena tupu juu ya tela, ikaikosa shaba, na salio lake likakatwa dola 480 za ucheleweshaji.

Walivyokataa

Baada ya hapo walianza kukataa mizigo, na nadhani hapa ndipo walipoanza kuujua ubao.

Tangazo moja lilitoa bei ya juu kupita zote, likataka dola 150 za usajili kwa pesa za simu kabla ya kuonyesha ghala. Walilipita bila mjadala. La pili lilikuwa la kweli na la kuvutia: mahindi kutoka Mpika hadi Kapiri Mposhi wakati kamyo yao ilikuwa inapita hapo na nafasi. Shofere alitaka kuchukua. Baba alikataa, kwa sababu gari lenye namba za Kongo haliruhusiwi kubeba mzigo wa ndani ya Zambia, kutoka mji mmoja wa nchi hiyo hadi mwingine. Ubao haukuuliza namba za gari. Unaonyesha kila mzigo kwa kila mtu, na faini ni ya aliyepakia.

La tatu lilihusu hati zao wenyewe. Wakala mmoja aliomba picha za hati ya umiliki wa gari, bima na pasipoti ya shofere. Ombi hilo ni la haki, maana wenye mizigo nao huibiwa na watu wanaojifanya wasafirishaji. Lakini picha hizo zikizagaa, mwizi anaweza kwenda ghalani akajiita wewe. Binti alianza kuandika juu ya kila picha, kwa maandishi mazito yanayokatiza katikati, jina la wakala, mzigo na tarehe. Wakala mmoja alikasirika na kudai nakala safi. Hawakufanya naye kazi.

Mzigo wa tatu

Ulikuwa wa kawaida mno kuelezwa kwa urefu: bidhaa za dukani kwenye magunia na maboksi, Dar hadi Lubumbashi, dola 4,500, bila kontena. Kabla ya kukubali, binti alimpigia mpokeaji moja kwa moja, akamwomba deklarani wa Kasumbalesa anayefahamiana na familia aangalie kama FERI na maandalizi ya DGDA, yaani forodha ya Kongo, vipo, na akaandika ndani ya makubaliano kwamba baada ya siku mbili za kusimama mpakani kwa sababu ya karatasi za mzigo, kila siku italipwa. Asilimia 70 ililipwa kabla gari halijatoka Dar. Siku 17 baadaye mzigo ulikuwa chini na salio limelipwa.

Matokeo kwa hesabu

Mzigo wa kontena ulionekana bora kwa karibu dola elfu moja. Tuchukue bei ya 5,400, tutoe gharama za safari zilizofika 3,300 kwa ajili ya kusimama, tutoe na zile 480. Inabaki 1,620. Tukigawa kwa siku 36, ni dola 45 kwa siku. Mzigo wa magunia: 4,500 kutoa 2,900 ni 1,600. Kwa siku 17, dola 94 kwa siku. Na hapo hatujahesabu safari ya shaba iliyopotea, ambayo peke yake ingelipa kuliko mizigo yote miwili ya kurudi.

Baba alipoonyeshwa hesabu hii alinyamaza, kisha akaomba daftari. Maisha yake yote alikuwa akiuliza bei ya safari. Tangu siku ile anauliza kwanza siku.

Uchambuzi

Ubao ulifanya kazi ambayo ubao unaweza kufanya: ulifupisha muda wa kuutafuta mzigo. Katika safari zote tatu hakuna kamyo iliyongoja Dar zaidi ya siku chache kabla ya kupata kitu cha kubeba. Kwa familia iliyokuwa inapoteza wiki mbili, hiyo ni faida ya kweli na sitaki ipuuzwe kwa sababu ya machungu ya mzigo wa kwanza.

Kosa lilikuwa kudhani kwamba muda uliookolewa Dar ni muda uliookolewa wa safari. Kwenye njia hii muda hupotelea mpakani, na unapotea kwa sababu ya karatasi za mtu mwingine. Bei ya tangazo haisemi lolote kuhusu karatasi hizo. Ndiyo maana simu ya deklarani katika mzigo wa tatu, iliyogharimu chaji ya dakika chache, ilikuwa na thamani kuliko kuongezewa dola mia kadhaa za bei. Kama ningeambiwa nichague hatua moja tu ya kuwafundisha wenye magari wa Lubumbashi, ningechagua hiyo: kabla ya kukubali mzigo unaoingia Kongo, mtu wako wa mpakani aone hati.

Uamuzi wa kuteremsha vigae unabishaniwa. Nimesikia wasafirishaji wakisema Baba alikuwa mlaini, kwamba mzigo ndio silaha pekee ya mwenye gari. Mimi naona alifanya sawa, na si kwa sababu ya wema tu. Aliyedaiwa hakuwa mpokeaji, kwa hiyo kushikilia vigae kungemuumiza asiyehusika na kumfaidisha dalali, ambaye tayari alikuwa na fedha. Tena mzigo ulikuwa bado chini ya macho ya forodha, na mwenye gari anayeuficha anageuka yeye kuwa mshitakiwa. Kosa halikutokea Lubumbashi. Lilitokea ghalani Dar, shofere aliposema hawamjui mtu huyu na gari likapakia hata hivyo. Asilimia 40 mkononi iliwapa usalama wa uongo, maana haikutosha hata mafuta na ada za njia nzima. Malipo ya awali yanapaswa kufunika gharama yote ya safari, ili salio likipotea ipotee faida na si mafuta. Asilimia 70 ya mzigo wa tatu ilikuwa dola 3,150, juu ya gharama ya 2,900. Haikuchaguliwa kwa bahati.

Kuna jambo lililotokana na mzigo wa kwanza ambalo hakuna aliyelipanga. Mwenye vigae aliona jinsi shofere alivyoteremsha bila fujo, akachukua namba ya binti, na miezi michache baadaye akampa mzigo moja kwa moja kwa dola 5,100: nafuu kwake, zaidi kwao. Je, ni haki kumruka dalali aliyekukutanisha na mteja? Kwa dalali aliyekwepa kulipa sioni deni lolote. Lakini familia ilipoulizwa na mteja wa mzigo wa tatu kama wanaweza kufanya vilevile, binti alikataa na kumwambia apitie kwa wakala yuleyule, kwa kuwa alilipa kwa wakati na karatasi zake zilikuwa safi. Wakala huyo sasa humpigia kabla ya kutangaza. Nauheshimu uamuzi huo, na nadhani kibiashara ulikuwa wa akili: wakala mwaminifu Dar ni adimu kuliko mzigo.

Kuhusu kontena, naona familia ilikuwa na haki ya kubeba lakini haikuwa na haki ya kusaini bila kusoma. Kontena si mzigo mbaya. Ni mzigo wenye mkia, na mkia huo ni safari nyingine nzima ya kurudi. Anayelibeba aweke bei ya kurudisha, aulize idadi ya siku za bure, na aandike kwamba siku zinazopotea kwa hati pungufu ni za mwenye mzigo. Mwenye gari anayengojewa na shaba Likasi, kwa maoni yangu, aliache kabisa.

Walipo sasa

Kamyo mbili hurudi na mizigo ya wateja wa moja kwa moja au ya yule wakala. Ya tatu hutafutiwa kwenye ubao, na binti huanza kutangaza nafasi yake gari likiwa bado Mbeya, ili wapate siku mbili za kukagua watu na hati kabla halijafika Dar.

Jambo moja halijatengenezwa. Kadi ya Njano ya COMESA waliyonayo, yaani bima ya gari inayovuka mipaka, hulipia madhara kwa watu wengine barabarani katika nchi za njia yao, Tanzania ikiwemo. Hailipii mzigo wenyewe. Vigae vya dola elfu nyingi vilipita milima ya Iringa bila bima yoyote ya mzigo kwa upande wao, na mteja wa moja kwa moja sasa anaitaka kwa maandishi. Baba anaona gharama ni kubwa kwa kamyo tatu. Binti amepata bei kutoka kwa wakala wawili wa bima hapa Lubumbashi, na anapendekeza waanze na ile kamyo ya ubao, kwa sababu ndiyo inayobeba mali ya watu wasiowafahamu.